Mpira wa Sailensa

Mzee alikuwa amebanwa kati ya lori na ukuta wa ghala, mguu mmoja umekunjika upande ambao mguu haukunjiki. Majirani walipolisukuma lori mbele na kumlaza chini, wengine walikuwa wameshaanza kumlilia. Ni Koplo wa kituo cha jirani aliyeinama, akaweka kiganja mbele ya pua yake, kisha akasema kwa mshangao, "Mbona huyu anapumua?"

Inspekta alipofika, gari la wagonjwa lilikuwa linatoka getini, king'ora kinalia. Alichobakiziwa ni uwanja wa vumbi, lori kuukuu la bluu iliyopauka, damu kidogo ukutani, na kundi la watu waliojua kila kitu.

"Nani alikuwa anaendesha?" aliuliza.

"Mpwa wake, afande. Nimeshamtia pingu."

"Alikimbia?"

"Hapana, afande. Nilimkuta anavuta lori kwa mikono, analia."

"Sasa pingu za nini?"

"Jana waligombana, afande. Seremala wa nyumba ya pili amesikia kwa masikio yake."

Koplo alikuwa askari wa siku nyingi, hodari wa kufunga kesi kabla hazijafunguliwa. Alimsogeza seremala mbele kama mtu anayeonyesha bidhaa. Seremala naye hakuhitaji kuombwa mara mbili.

"Kijana alisema hivi: 'Mjomba, hili gari usiliguse tena!' Mzee akamjibu, 'Unalitaka? Subiri nife kwanza!' Mtaa mzima tumesikia."

"Na amesubiri usiku mmoja tu," Koplo akamalizia.

Watu wakaguna. Inspekta hakuguna. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye tabia ya kutazama kitu hadi wenzake wachoke kumsubiri. Aliutazama mteremko mdogo wa kuingilia ghalani, akautazama ukuta, akautazama upana wa uwanja. Nafasi ya mtu kuruka pembeni ilikuwepo, tena tele.

Mzee huyo mtaani walimwita Mzee Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akimpita mwenzake barabarani. Kwa lori hilo alisomba mbao, mchanga na vyombo vya watu wanaohama. Mpwa wake, ambaye wote walimwita Dereva, alilelewa nyumbani kwake tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyekuwa akishika usukani miaka hii ya karibuni. Watu hawa walikula sahani moja. Ndiyo maana kesi ilikuwa mbaya: mzee akifa, ingekuwa mauaji, na muuaji angekuwa mtoto wa nyumbani.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha lililokataa kufunguka. Dereva alikaa mikono juu ya mapaja. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuvuta bodi ya lori.

"Eleza," Inspekta alisema.

"Nilikuwa narudi nyuma kuingia ghalani. Mjomba yuko nyuma ananielekeza. 'Rudi, rudi, rudi.' Kufika kwenye mteremko, gari likazimika. Nikakanyaga breki. Ngumu kama jiwe! Nikapiga kelele, 'Mjomba, toka!' Hakutoka. Nikavuta breki ya mkono, ikashika wakati keshabanwa."

"Kwa nini lilizimika?"

"Halina sailensa. Wiki hii yote halina sailensa. Ukitoa mguu kwenye mafuta tu, linatetemeka, linakufa."

Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kikohozi cha ushindi.

"Afande, nimelala chini ya lile lori mimi mwenyewe. Sailensa ipo. Nzima, imefungwa vizuri, hata kutu haina. Na breki nimekanyaga, zinashika."

Dereva alimgeukia kama mtu aliyesemeshwa lugha ya kigeni. "Hiyo siyo sailensa!"

"Ni nini basi? Sufuria?"

"Afande, mimi nasema sailensa ya injini!"

"Na mimi nasema ile niliyoishika kwa mkono huu."

Hapa Inspekta alipaswa kuuliza swali moja zaidi. Hakuuliza. Magari hayakuwa fani yake. Alishindwa mtihani wa udereva zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho aliukanyaga mwavuli wa mtahini kwa gurudumu. Kwake yeye, kama kwa Koplo, sailensa ilikuwa lile kopo kubwa chini ya gari linalozuia bomba la moshi lisipige kelele. Kopo lipo, mtu anasema halipo. Uongo wa kwanza. Breki zinashika, mtu anasema zilikuwa jiwe. Uongo wa pili.

"Ulimgombeza mjomba wako jana?"

"Nilimgombeza."

"Ulitaka lori?"

"Nilitaka asiendeshe. Sababu aulizwe mwenyewe."

"Mwenyewe hasemi. Yuko chumba cha upasuaji."

Dereva aliinamisha kichwa mezani. Inspekta akatia sahihi karatasi za jaribio la kuua, na kesho yake asubuhi kijana angepandishwa kizimbani. Alipokuwa anafunika kalamu, neno moja lilikuwa bado linamkera. Kwa nini mzee hakutoka? Mtu anayeelekeza gari huwa analitazama gari.

*

Mke wa Mzee Taratibu alikutwa kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, mkoba mapajani, macho makavu. Alikuwa mwanamke mnene wa umri wa kuitwa Mama na kila mtu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemfungia mtoto wangu?"

"Ndiyo, ni mimi. Nisamehe, ni kazi."

"Hajamgonga mjomba wake kwa kusudi. Yule hata kuku akipita barabarani anasimama, anamsubiri aamue."

Inspekta alikaa pembeni yake. "Walikuwa wanagombania lori?"

"Nani hagombani kwa ajili ya lile lori? Mimi nimeolewa mke wa pili, mwanangu. Mke mkubwa ni lile. Likikohoa usiku mume wangu anaamka. Mimi nikikohoa, anasema nisogee."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini aliukumbatia mkoba.

"Dereva anadai gari halikuwa na sailensa."

"Ni kweli."

"Ila mwenzangu ameikuta ipo."

"Basi hajui anachotafuta. Mpira mdogo tu ule, hauna hata unene wa gumba. Lakini huo hauwezi kumvunja mtu, mwanangu. Hauwezi."

Inspekta alidhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Alimshika bega, akamwombea mgonjwa heri, akaondoka. Ngazi za hospitali alizishuka taratibu, na alipofika chini alikuwa anajiuliza mpira unahusiana vipi na kopo la chuma.

*

Swali hilo lilimpeleka gereji. Mlango wa gereji ulikuwa mlango wa lori jingine lililokufa zamani, na mwenye gereji aliitwa Fundi Sikio, kwa sababu alipima injini kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kama daktari na mgonjwa wake.

"Lori la Mzee Taratibu ulilishika?"

"Juzi tu."

"Lilikuwa na nini?"

"Sailensa."

"Ukafunga mpya?"

Fundi Sikio alimtazama, akatazama kwingine, akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ukingo wa gari. "Sailensa haifungwi, mama. Inapandishwa!"

"Inapandishwa wapi?"

"Gari likiwa limesimama, mguu wako haupo kwenye mafuta, injini si inaendelea kunguruma polepole? Mngurumo huo ndio sailensa. Ikiwa chini sana, gari linatikisika na kuzimika. Lile kopo la moshi huko chini sisi tunaliita ekzosi."

Inspekta hakucheka. Kijana alikuwa amesema kweli tangu neno la kwanza, na askari wawili wenye vyeo wakamwita mwongo kwa sababu ya jina la kopo.

"Kwa nini lilikosa sailensa?"

Sasa kicheko kikamwisha Fundi. Akaanza kufuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Hilo sikulitafuta."

"Kwa nini?"

"Mzee alisimama papo hapo ulipo. Akasema, pandisha tu, nina safari ya mlimani, sitaki hadithi. Nikakaza skrubu ya kabureta, ikawa inajikongoja. Najua nilikosea. Unamtuliza mgonjwa homa, ugonjwa unauacha ndani."

"Mlimani na nani?"

"Peke yake. Alisema atamwonyesha mpwa wake nani dereva."

Barabara ya mlimani Inspekta aliijua. Kona moja inakukabidhi kwa nyingine, na upande wa kushoto hakuna kitu ila hewa.

"Mzee alikuwa na afya nzuri?"

"Afya anayo. Ila siku ile, sijui kama alikuwa anatania. Aliingia, akalisalimia lile pipa la oili. 'Habari za kazi, Fundi?' Mimi niko nyuma yake. Sote tukacheka, naye akacheka."

Inspekta alilitazama pipa. Lilikuwa na kimo cha mtu aliyeinama. Halikufanana na Fundi Sikio kwa lolote lingine.

*

Alimwita mkaguzi wa magari wa polisi alasiri ile ile. Huyu alikuwa mtu mrefu, mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, na alizungumza na magari zaidi kuliko na watu. Koplo alikuja pia, kwa hamu ya kuona sailensa yake ikithibitishwa.

"Washa," mkaguzi alisema.

Injini iliwaka kwa kusitasita. Ilitikisa boneti, ikatikisa vioo, ikatikisa hadi meno ya Koplo aliyekuwa ameegemea mlango. Kisha ikapiga chafya na kuzimika.

"Hii ndiyo haina sailensa," Inspekta alimwambia Koplo kwa upole. "Hii hapa."

Koplo alijiondoa kwenye mlango wa lori. "Ndiyo, afande."

Mkaguzi hakukimbilia popote. Alitoa plagi moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gazeti: kavu, rangi nzuri, cheche za kutosha. Akafuata nyaya. Akamimina petroli kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua juani kutafuta maji: hakuna. Akapuliza chujio kwa mdomo, likapitisha. Kwenye kabureta akaona skrubu iliyokazwa juzi, akatikisa kichwa bila kumlaani mtu.

"Mafuta inapata, moto inapata," alisema. "Basi inakula hewa ya wizi."

"Hewa inaibwaje?"

"Injini huvuta hewa kwa kipimo. Ikipata tundu mahali, inavuta na isiyo yake. Ikienda mbio huoni shida. Ikipumzika, inapaliwa. Washa tena, na mkanyagie mafuta kidogo."

Aliingiza kichwa chini ya boneti, akasikiliza. Kulikuwa na mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka. Mkono wake uliufuata mluzi mpaka kwenye mpira mweusi uliotoka pembeni ya injini kuelekea ukutani mwa kabini. Akauminya kwa koleo karibu na injini.

Mluzi ulikatika. Injini ikatulia. Ikanguruma polepole, sawasawa, kama mzee aliyepata usingizi. Inspekta, aliyekuwa hajawahi kupenda injini maishani mwake, alijikuta anatabasamu.

"Huo mpira unakwenda wapi?"

Mkaguzi aliinua macho. Kwa mara ya kwanza alimtazama mtu. "Kwenye busta ya breki. Injini inapovuta hewa kupitia hapa, ule mvuto ndio unaousaidia mguu wa dereva kukanyaga. Mpira ukipasuka, msaada hamna. Panda, afande, ujaribu."

Inspekta alipanda kwenye kiti cha dereva, kitu alichokuwa ameapa kutokifanya tena. Akakanyaga breki. Kanyagio lilikuwa gumu kama ubao. Akasimama juu yake kwa miguu miwili, ndipo likashuka kidogo.

"Koplo, wewe una uzito gani?"

"Mkubwa, afande."

"Ndiyo maana kwako zilishika."

Mkaguzi aliufungua mpira, akaulaza juu ya gazeti na kuutazama kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa umechanika kwa urefu upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Lakini mchaniko ulikuwa umenyooka mno. Kwenye kingo zake palionekana nusu duara ndogondogo, na pale mchaniko ulipokomea vitundu vizima viliendelea, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi ile ile.

"Panya?" Koplo alijaribu.

"Panya wa wapi anayetafuna kwa mstari?" mkaguzi alisema. "Ni sindano. Nene. Mtu ametoboa vitundu vidogo, gari likaanza kukosa sailensa. Vitundu vikaungana vyenyewe, leo mpira ukapasuka."

"Fundi Sikio," Koplo alinong'ona. "Au kijana mwenyewe."

"Fundi ana bisibisi na visu, atafute sindano ya nini?" Inspekta alisema. "Na kijana angeharibu breki halafu akae mwenyewe nyuma ya usukani?"

Alizunguka lori polepole. Nyuma, juu ya bodi, palikuwa na turubai lililokunjwa vizuri. Upindo wake ulishonwa kwa mkono, uzi mnene, mshono mrefu usioyumba. Inspekta aliuvuta ukingo, akauinamia. Kisha akaomba kiberiti. Alivunja njiti moja ikawa na urefu wa nafasi kati ya tundu na tundu la mpira, akaiweka kwenye mshono wa turubai. Ikaenea. Akaisogeza kwenye mshono uliofuata. Ikaenea.

"Hili turubai kashona nani?"

Koplo alijikuna kisogo. Hata yeye alitamani asijue jibu. "Mke wake, afande. Ndiyo kazi yake. Maturubai ya nusu ya mji huu kayashona yeye."

Mpira mdogo tu, hauna hata unene wa gumba. Inspekta alikumbuka kuwa yeye aliuliza habari za sailensa, na ni Mama aliyetaja mpira.

*

Sebule ya Mama ilijaa turubai la kijani lililoshonwa nusu. Kwenye mkono wa kiti ilichomekwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, uzi bado umo. Alikuwa amerudi kuchukua nguo za mgonjwa.

"Karibu, mwanangu. Wamemaliza kumpasua. Yuko hai. Umemwachia mtoto?"

"Bado, Mama. Nimekuja kukuuliza neno moja. Ule mpira ulioniambia asubuhi, nani alikuambia kuna mpira?"

Mama alikaa juu ya turubai, mahali alipokuwa amesimama.

"Mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Zamani, tungali vijana. Gari lilizimikazimika wiki nzima, akafungua boneti, akaniambia, huu ndio mpira wa sailensa, ukitoboka linakufa kila likisimama. Humu ndani ndivyo tunavyouita. Mpira wa sailensa."

"Na wewe ukautoboa."

"Nikautoboa."

"Kwa nini?"

Alipoanza, maneno yalitoka yote kwa pamoja, kama yaliyokuwa yamepanga foleni.

"Haoni, mwanangu. Mume wangu haoni. Nikamwambia. Akasema taa za nyumba hii ni hafifu. Nikabadilisha taa. Akasema miwani imechafuka. Nikaiosha. Mtoto akamwambia, akamfokea, kumbe nimekulea uje kunirithi ningali hai. Halafu akasema anakwenda mlimani, peke yake! Nimfanyeje? Nimfunge kamba? Nikasema, acha gari liugue. Gari likiugua, lawama ni ya gari. Hakuna atakayemwambia amezeeka."

"Hukujua mpira huo ni wa breki?"

"Wa sailensa," Mama alisahihisha haraka. "Breki ni kitu kingine. Breki ziko kwenye magurudumu."

"Mama." Inspekta alichuchumaa mbele yake ili macho yao yalingane. "Ni mpira huo huo. Unaunganisha injini na breki. Ukitoboka, gari linakosa sailensa, na mguu wa dereva unakosa nguvu. Vyote viwili, kwa tundu moja."

Mama hakupiga kelele. Alimtazama Inspekta usoni akitafuta kama kuna mahali amekosea kusikia. Alipopakosa, alifunika mdomo kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Inspekta alimshika mikono. Katika kazi yake aliwahi kusikia maungamo mengi, na mengi yalimpa raha ya kumaliza. Hili lilimuuma.

"Basi nimemvunja mimi," Mama alisema hatimaye. "Na mtoto kawekwa ndani kwa mkono wangu. Mimi nilidhani mmemkamata kwa ule ugomvi. Nilijua mpira hauui mtu." Alisimama, akachomoa uzi kwenye shazia na kumkabidhi Inspekta sindano ile. "Twende. Nitasema mbele yake."

Akasema. Chumba kilikuwa kile kile chenye dirisha lililokataa kufunguka, Koplo anaandika, Dereva amesimama bila pingu. Mama alieleza mwanzo hadi mwisho bila kujipunguzia hata nusu neno. Alipomaliza, Dereva alimwendea, akapiga magoti na kumwekea kichwa mapajani.

"Mama, na mimi nilikuwa nafikiria kuficha funguo," alisema. "Umenitangulia tu."

Hata Koplo aliacha kuandika. Kisha akamgeukia Dereva, akajikaza. "Kijana, ile ekzosi niliiita sailensa. Samahani."

Sheria ina njia zake, na Inspekta hakuzikwepa. Mashitaka ya jaribio la kuua yalifutwa jioni ile. Mama aliandikiwa kosa la uharibifu na uzembe uliojeruhi, akatolewa kwa dhamana akisubiri neno la mwendesha mashitaka. Mdhamini wake alikuwa Dereva, aliyeingia kituoni mshitakiwa na kutoka akiwa ameshika mkoba wa Mama.

*

Mzee Taratibu alizinduka vizuri siku iliyofuata. Inspekta alifika wodini kuchukua maelezo yake, akamkuta daktari pembeni ya kitanda, amemwinamia na tochi ndogo.

"Mguu utapona," daktari alimwambia Inspekta. "Utachukua muda, lakini atatembea. Ila hapa kuna jambo jingine. Ana ugonjwa wa mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Umekomaa kabisa."

"Unaondoka?"

"Tunauondoa kila wiki, hapa hapa ghorofa ya chini. Angekuja mapema, sasa hivi angekuwa ameshasahau."

Mama na Dereva walikuwa wameingia nyuma ya Inspekta. Mama alikuwa ameomba amweleze mumewe mwenyewe, naye alishamweleza alfajiri, machozi yakiingiliana na maneno. Sasa alikaa kimya kwenye kiti kando ya kitanda, amejikunja, kama anayesubiri kufukuzwa. Mzee hakuwa amemjibu chochote tangu hapo.

"Mzee, pole," Inspekta alisema. "Swali langu ni moja. Mpwa wako alipiga kelele. Nafasi ya kuruka ilikuwepo. Mbona hukutoka?"

Dereva alitaka kusema, Inspekta akamzuia kwa mkono.

"Nilisikia kelele," Mzee alisema. "Sikujua nitoke upande upi. Lori nilikuwa silioni. Nalisikiliza. Nimelisikiliza maisha yangu yote. Likinguruma karibu, nasogea. Likanyamaza. Nikasema, ah, limesimama. Usimfunge mtu kwa ajili yangu, mwanangu. Wote wawili waliniambia. Mimi ndiye niliyesema taa ni hafifu."

Koplo alikuwa mlangoni na daftari lake, lakini hakuandika. Mzee aligeuza uso kwenye mto. Aliugeuza kushoto, kwenye ukuta mtupu, kisha kulia, akitafuta. Kwa miaka yote ya kujifanya anaona hakuwahi kumuuliza mtu aliko. Sasa alinyoosha mkono juu ya shuka, kiganja wazi.

"Mama watoto," aliita. "Umekaa upande gani?"

"Huku," Mama alisema, akaushika. "Niko huku."